Mzee Aliyesoma Bahari ya Mdogo Wangu

Wagonjwa wangu wengi hunipenda, au hujifanya. Huyu alinichukia siku ya kwanza, nami nikamrudishia bila kuchelewa. Nilifika nyumbani kwake Stafford asubuhi, nimetoka Alief na gari ambalo kiyoyozi chake kilishajifia, joto la Houston limenipika njia nzima, na kabla sijaweka mkoba chini akaniuliza kama kazi hii niliisomea darasani au nilijifunzia kwa watu waliokufa. Nikamwambia kwamba waliokufa ndio walionifundisha vizuri zaidi, kwa sababu hawakuwa na maneno mengi. Akanikazia macho, kisha akacheka mpaka kikohozi kikamshika, ikabidi nimwinue akae ndipo apumue.

Alikuwa mzee wa miaka themanini na ushee, aliyefiwa na mke, mapafu yamechoka na moyo umechoka zaidi. Madaktari walikuwa wamefika mwisho wa ujuzi wao, wakakubaliana naye afie nyumbani kwake. Kazi yangu ilikuwa kumwogesha, kumpa dawa, kuhakikisha haumii, na kuvumilia mdomo wake, ambao haukuwa na breki. Tulizungumza Kiingereza, yeye cha Texas na mimi cha Busia, na mara nyingi kila mmoja alidhani mwenzake ndiye asiyekijua. Nilipokezana zamu na nesi mwenzangu, Mkenya pia, na tulipopishana mlangoni alinipa habari za mgonjwa kwa namna yake.

"Aki leo utaona," aliniambia siku moja huku akitafuta funguo za gari. "Ame-refuse breakfast, ame-refuse dawa ya asubuhi, halafu ameanza tena hizo stori za vita. Mimi nime-nod tu mpaka shingo inauma."

Stori zenyewe zilikuwa za vita vya Vietnam. Mzee alikuwa mwanajeshi wa anga, amewekwa kwenye kisiwa katikati ya Bahari ya Pasifiki, lakini hakuwa rubani na hakuwahi kuangusha bomu. Kazi ya kikosi chao ilikuwa kuiwinda hali ya hewa. Vimbunga vikubwa vya Pasifiki vilipoanza kujikusanya, meli za kivita na ndege za mabomu zilitaka kujua viko wapi na vinaelekea wapi, na picha za setilaiti za wakati huo hazikutosha. Kwa hiyo walitumwa watu. Ndege yao ya injini nne ilikwenda kukitafuta kimbunga mahali ambapo kila mtu mwingine alikuwa akikikimbia, na ilipokipata iliingia mpaka katikati yake, ikapima, ikatangaza kwa redio, ikatoka upande wa pili, kisha ikageuka na kuingia tena.

Yeye alikuwa afisa wa hali ya hewa. Alikaa dirishani na kusoma bahari. Alilitumia neno hilo, kusoma, na mwanzoni nilidhani ni majigambo ya uzeeni. Baadaye nilielewa. Kule hapakuwa na kipimo chochote juu ya maji, hivyo nguvu za upepo zilijulikana kwa kutazama sura ya bahari kutoka juu. Upepo mdogo huacha madoa meupe hapa na pale. Ukizidi, povu hujipanga mistari mirefu kufuata upande unakovuma. Ukizidi tena, vichwa vya mawimbi hukatwa na kurushwa, na mwishowe bahari yote huwa nyeupe kama maziwa yanayofurika jikoni, usijue maji yanaishia wapi na hewa inaanzia wapi. Yeye alitazama tu na kutaja kasi ya upepo, na manahodha waliokuwa mbali sana naye wakageuza meli zao kwa neno lake.

Hakujisifia vita. Siku moja, bila mimi kumuuliza, alisema, "Tuliporipoti kwamba kesho anga itakuwa safi, kuna watu walikufa chini ya hiyo anga safi. Sikuwahi kuwaona, lakini najua walikuwepo." Halafu akataka kujua kwa nini kahawa yake inachelewa.

Nilimsikiliza kwa sikio moja. Sikuwa na hamu ya bahari za mtu mwingine, kwa sababu nilikuwa na yangu.

Mdogo wangu wa mwisho alikuwa mpishi melini. Alipata kazi hiyo kupitia wakala wa Mombasa, akazunguka dunia akiwapikia mabaharia wa mataifa yote, na hakuacha kunichokoza kwa simu. "Sister, leo nimewasongea ugali, jamaa mmoja akaniuliza hii keki imesahauliwa sukari ama ni vipi." Meli yake, ya mizigo, ilipotea katika Pasifiki ya magharibi wakati kimbunga kikipita eneo hilo. Kampuni ilituambia mawasiliano yalikatika. Walitafuta, wakaipata mashua moja ya kuokolea watu ikielea tupu, wakaendelea kutafuta kidogo, kisha wakaacha. Hawakusema amekufa. Walisema hajulikani alipo, na kwa neno hilo wakatuacha tukining'inia.

Kitu cha mwisho kutoka kwake kilikuja kwangu. Ni video fupi, aliyoituma kwa intaneti ya melini siku hiyohiyo waliyopotea. Yuko kwenye sitaha, koti la mvua limelowa, uso umejaa kwenye skrini, na nyuma yake mbingu ni ya buluu tupu na jua linawaka. Kofia ya koti haitikisiki. Kwenye vyuma vya ukingoni wametua ndege wadogo wa baharini, wamepangana kama wanafunzi gwarideni, na anaponyoosha mkono kumgusa mmoja, ndege yule haruki. "Sister, ona!" anasema, akicheka. "Mbingu imefunguka. Tumepita! Mwambie mama tumepita. Na uone hawa ndege, hata hawaniogopi." Sauti yake ilikuwa safi, utadhani yuko chumba cha pili.

Video hiyo ndiyo iliyonishikilia. Kama kimbunga kilikuwa kimekwisha na jua limetoka, basi chochote kilichoipata meli kilitokea baharini palipotulia, na penye utulivu mtu huweza kuogelea, huweza kuokotwa na wavuvi, huweza kuwa kisiwani kusikokuwa na simu. Niliipeleka kanisani kwetu Alief. Nilisimama mbele ya ibada nikatoa ushuhuda, video ikaonyeshwa kwenye ukuta mkubwa, na mdogo wangu aliposema mbingu imefunguka, kanisa zima lilipiga vigelegele. Kina mama walinikumbatia. Hata mimi nilishangilia, nikaimba mpaka sauti ikakauka.

Lakini nyumbani Busia hawakuwa wakiimba. Kwetu, mtu asiyezikwa haliliwi. Kumlilia kwa sauti mtu ambaye huenda yuko hai ni kumwitia kifo, kwa hiyo mama yangu alikuwa hajamlilia mwanawe. Ndugu zangu walinieleza kwamba alikuwa akienda nyuma ya jiko, anajaza leso mdomoni, anakaa hapo mpaka imwishie, kisha anarudi kupepeta mchele. Alikonda. Alianza kuzungumza kwa sauti ya chini kama mtu aliye na mtoto mchanga aliyelala karibu.

Kuna njia moja tu ya kumfungulia. Maji au vita vikimchukua mtu na mwili usipatikane, wazee wa kwetu hukata shina la mgomba, likavishwa nguo zake, likalazwa kwenye jeneza na kuzikwa kama yeye mwenyewe. Hapo atakuwa amekufa, na watu watalia. Lakini hapo ndipo penye ugumu: hata akitokea siku ya pili akiwa mzima, hawezi kuingia langoni kama mtoto wa nyumba, maana nyumba imeshamzika. Ndiyo sababu hakuna anayekata mgomba kwa haraka. Na kwa kuwa neno lake la mwisho lilikuja kwangu, na kwa kuwa mimi ndiye kifungua mimba na niko Marekani, ambako watu wa kwetu wanaamini kila kitu kinajulikana, wazee walisema hawatakata mpaka mimi niseme.

"Mwanangu, nipe ruhusa," mama aliniambia kwenye simu. Mama aliyenizaa akaniomba ruhusa.

Nilimkatalia. Nilimwambia kwa ukali kwamba sitamzika mtu aliyenitumia video akicheka, kwamba wao wanataka kumfungia mlango mtoto ambaye labda yuko njiani, na kwamba wakikata huo mgomba wasinihesabu tena. Alisema sawa, akaniuliza kama nimekula. Nilikata simu nikiwa nimechemka kwa hasira na sikujua inamlenga nani.

Basi ikaja siku niliyokuwa nikimwogesha mzee kitandani, na yeye, kama kawaida yake, yuko Pasifiki.

"Watu hudhani hofu iko ndani ya ukuta," alisema. Ukuta ndivyo walivyoyaita mawingu mazito yanayozunguka kitovu cha kimbunga. "Humo huna nafasi ya kuogopa. Ndege inarushwa, unashikilia kiti, unaomba mabawa yabaki mahali pake. Halafu ghafla unatokea kwenye mwanga. Uko kwenye jicho. Juu yako anga ya buluu, jua linawaka, upepo umelala kabisa. Rubani wetu alikuwa anawasha sigara. Ungedhani vita vimekwisha."

"Geuka upande huu," nikamwambia.

Akageuka kwa taabu. "Na ndege wenye mabawa ya manyoya, wamejaa humo. Upepo unawasukuma mpaka katikati, hawawezi kutoka, wanaruka mpaka nguvu zinaisha. Manahodha walikuwa wanatuambia kwamba meli ikijikuta humo, ndege hao hutua juu yake, na wamechoka kiasi kwamba unawashika kwa mkono."

Kitambaa kilisimama begani mwake. Maji yakaanza kumtiririka mgongoni mpaka kwenye shuka, naye akanitukana. Nilimkausha, nikabadilisha shuka, nikampa dawa zake, nikatoka nikakaa garini bila kuwasha injini.

Nilijua saa ileile. Lakini nilijitahidi kutojua kwa kila hila niliyokuwa nayo. Labda ndege wa baharini huchoka kwa sababu nyingine. Labda mzee amechanganya mambo, dawa nilizompa mimi mwenyewe zinatosha kumchanganya mtu. Siku zile mama alipiga simu na sikupokea. Kanisani niliombwa nitoe tena ushuhuda, nikasema nina mafua. Niliendesha gari kutoka Alief hadi Stafford na kurudi, nikafanya kazi yangu vizuri, na nilikuwa nimekasirika na kila mtu aliye hai.

Mzee ndiye aliyechoka. "Umeacha kunijibu," alisema alasiri moja, baada ya kunitupia maneno kadhaa nisiyoyapokea. "Nilikuwa nakulipa unijibu. Nani amekufa?"

"Hakuna aliyekufa," nikasema, na papo hapo nikatoa simu mfukoni, nikaifungua ile video, nikamwekea mkononi. Sijui nilichotaka. Nadhani nilitaka anicheke, aniambie mimi mjinga, hiyo ni bahari ya kawaida.

Aliomba miwani yake. Akatazama. Mdogo wangu akacheka, akasema maneno yake ya Kiswahili, akanyoosha mkono kwa yule ndege. Mzee hakumtazama hata kidogo. Macho yake yalikuwa nyuma ya bega la mdogo wangu, kwenye maji. Akairudia. Akairudia tena, akiisogeza karibu na uso, na nikaona mkono wake, uliokuwa ukitetemeka hata kushika kijiko, umetulia.

"Huyu ni nani?"

"Mdogo wangu."

"Yuko wapi?"

"Hicho ndicho ninachokuuliza," nikasema.

Aliiweka simu kifuani. Kisha akanisimulia jambo ambalo hakuwahi kulisimulia katika stori zake zote. Kikosini alikuwa na rafiki, mwenye kazi kama yake, msomaji wa bahari kwenye ndege nyingine. Walipokezana. Siku moja rafiki yule alikwenda kwenye kimbunga na ndege yao haikurudi. Mzee alikuwa kwenye ndege iliyotumwa kutafuta. Alikaa dirishani pake, akaisoma ile bahari, akajua hakuna aliyepona. Jeshi likaendelea kusema wametoweka. Aliporudi Marekani alikwenda Haltom City, karibu na Fort Worth, kwa mke wa rafiki yake, akamkuta bado anamwekea mumewe sahani mezani. Akamwambia asiweke tena. Akamwambia alichokiona.

"Alinifukuza," alisema. "Alisema mimi ndiye niliyemuua. Mpaka siku hiyo alikuwa hai, nikaingia jikoni kwake nikamuua. Hakunifungulia mlango tena maisha yake yote." Akanitazama. "Kwa hiyo nakuuliza kwanza. Unataka nikuambie?"

Ningeweza kusema hapana. Simu yangu ilikuwa kifuani pake, ikipanda na kushuka na pumzi zake. Nikamfikiria mama nyuma ya jiko na leso mdomoni.

"Niambie," nikasema.

Alinionyesha kiti kwa macho, nikakaa karibu naye. Akaisimamisha video katikati. "Upepo hakuna, hilo uliliona. Sasa tazama mawimbi. Hayaendi upande mmoja. Yanatoka pande zote, yanagongana, yanasimama wima na kuanguka hapohapo. Bahari iliyotulia haifanyi hivyo. Bahari inayotoka dhorubani haifanyi hivyo. Nimeiona sura hiyo mahali pamoja tu." Akasogeza kidole mpaka pembeni ya skrini, ambako mimi nilikuwa nikiona mawingu meupe ya kawaida. "Na huu ni ukuta. Unazunguka pande zote. Alitoka upande huu, akadhani amemaliza. Upande wa pili ulikuwa bado."

"Meli kubwa huvuka," nikasema. "Wale manahodha waliokusimulia walivuka."

"Huvuka. Sasa fumba macho usikilize."

Akaiwasha tena. Nilifumba macho. Nilisikia kicheko, nikasikia sister, nikasikia maji yakigonga chuma, nikasikia hata kucha za ndege kwenye ukingo.

"Iko wapi injini?" mzee akauliza.

Haikuwepo. Nilikuwa nimeisikiliza video hiyo mara zisizo na idadi, garini, kitandani, chooni kazini, na kila mara nilimshukuru Mungu kwa jinsi sauti yake ilivyokuwa safi. Ilikuwa safi kwa sababu hapakuwa na mngurumo wowote nyuma yake. Mzee alinieleza polepole, bila kuzunguka, kwamba meli iliyozimika haiwezi kuelekeza pua yake kwenye mawimbi. Upepo ukirudi, na pale hurudi ghafla kutoka upande mwingine, unaikuta imelala ubavu. Nilimuuliza kama mtu angeweza kupona. Hakusema labda.

"Hapana," alisema. Kisha, kwa mara ya kwanza, akamtazama mdogo wangu usoni. "Lakini hakujua. Mtazame. Sisi tuliojua kinachobaki hatukuwahi kucheka namna hii."

Nilimpokonya simu. Nilimwambia maneno ambayo nesi hamwambii mgonjwa, kwamba yeye ni mzee aliyezoea kuwatangazia watu kifo akiwa amekaa dirishani, na kwamba yule mwanamke wa Haltom City alifanya vizuri kumfukuza. Nikatoka nje. Jua lilikuwa kali, jirani anakata nyasi na mashine yake, magari yanapita kama kawaida, na nikasimama kwenye barabara ya kuingilia gereji nikiwa nimeshika funguo za gari. Nilitaka kuondoka nisirudi. Lakini dawa yake ya maumivu ilikuwa imefika wakati wake, na huwezi kumwachia mtu maumivu kwa sababu amekuambia ukweli.

Niliporudi alikuwa amefumba macho. Nilimdondoshea dawa chini ya ulimi, nikampangusa mdomo.

"Yule mwanamke hakurudi kwangu," alisema bila kufumbua macho.

"Mimi nalipwa," nikamjibu, nikamwekea mto vizuri.

Asubuhi iliyofuata, kabla ya zamu, nilisimamisha gari mbele ya duka la Kiafrika pale Alief ninaponunua unga na sukuma, nikampigia mama. Kwao ilikuwa jioni na nilisikia kuku wakifungiwa. Nilikuwa nimepanga maneno mengi, nikayasahau.

"Mama," nikasema. "Kateni."

Nikasikia mlango wa banda ukifungwa. "Una hakika?"

"Kuna mtu aliyeiona bahari," nikamwambia, na nikamweleza yote, mawimbi, ukuta, injini, kwa maneno ya nyumbani ambayo hayakutengenezwa kwa mambo kama hayo. Nilipomaliza aliniuliza swali moja tu.

"Alikuwa anaogopa?"

"Hapana, mama. Alikuwa anacheka."

"Haya," akasema. "Ahsante, mwanangu." Hakulia hata wakati huo, kwa sababu mgomba ulikuwa bado haujakatwa. Nilikaa pale mbele ya duka, watu wanaingia na kutoka na mifuko yao, nikasikia uchungu mpaka nikafungua mlango wa gari ili nipate hewa.

Sikuweza kusafiri. Makaratasi yangu yalikuwa bado mikononi mwa wakubwa wa uhamiaji, na ningetoka huenda nisingeruhusiwa kurudi. Kwa hiyo nilimzika mdogo wangu kwa simu, kama wengi wetu huku wanavyozika. Siku yenyewe nilikuwa zamu. Nilimwambia mzee kwamba nitaweka simu mahali nitakapoiona, na kama hataki aseme. Alisema niiegemeze kwenye meza yake ya chakula, juu ya kitanda, na nimwinue akae. Alitaka kukaa wima. Nikampangia mito mgongoni, nikakaa kitandani pembeni yake, na Busia ikaja.

Aliyeshika simu kule alikuwa na mkono usiotulia. Niliona turubai, niliona viti vya plastiki, niliona watu niliowaacha vijana wakiwa na mvi. Kisha wanaume wakaja wamebeba shina la mgomba, limechunwa maganda ya nje, jeupe, bado linadondosha maji yake. Wakalilaza kwenye mkeka karibu na jeneza. Mama akatoka ndani na shati la mdogo wangu la Jumapili na suruali yake, amezikunja mikononi. Alipiga magoti, akalitandaza shati juu ya shina, akaanza kulinyoosha kwenye mabega yasiyokuwepo. Halafu akasimama, akaangalia.

"Huyu ni mrefu," alisema. "Mwanangu hakuwa mrefu hivi. Punguzeni."

Watu walitazamana. Mzee mmoja alimwambia kwa upole kwamba si neno, kwamba udongo hauangalii urefu. Mama aliwaambia walisimamishe. Wakalisimamisha shina, na yeye akasogea, akasimama ubavuni mwake, karibu, vile alivyokuwa akisimama na mdogo wangu tukipiga picha za Krismasi, akaweka kiganja juu kidogo ya kichwa chake mwenyewe.

"Alikuwa ananipita hapa tu," akasema.

Wakaweka alama kwa panga palipokuwa kiganja chake, wakalilaza, wakakata. Kile kipande cha juu kikabingirika kwenye nyasi. Wakalisimamisha tena, naye akasimama pale pale, akanyoosha mkono bila kutazama, ukafika juu ya shina, na akapapasa mahali hapo mara moja, taratibu.

"Sasa ndiye," mama akasema.

Ndipo akalia. Alilia kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia ikitoka kwake, na wanawake wote wakaipokea, ikajaa kwenye kile chumba cha Stafford mpaka simu ikawa inatetemeka juu ya meza. Mzee alinishika mkono, akaniuliza mama yako amesema nini kuhusu ule mti, kwa nini wameukata. Nilifungua mdomo nimweleze urefu wa mdogo wangu, nikashindwa, nikalia naye mama kwa sauti, mbele ya mgonjwa wangu.